Waliopanga bei kabla Tarawera haijalipuka

Mlima Tarawera, katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, ulilipuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni 1886 na kuua watu wapatao 120, wengi wao Wamaori. Makundi ya watalii yanayoshuka kwenye mabasi mjini Rotorua husimuliwa habari za moto na matope. Huonyeshwa chemchemi ya Pohutu ikirusha maji ya moto hadi mita 30 juu, hula nyama na viazi vitamu vilivyoivishwa kwa joto la ardhini, hutazama ngoma ya haka, kisha hao, safari inaendelea. Wachache huambiwa kwamba utalii huu haukuletwa na serikali wala kampuni yoyote. Waliouanzisha ni Wamaori wa ukoo wa Tuhourangi, na bei walipanga wao.

Kilichovuta wageni kilikuwa ngazi mbili kubwa za mawe kando ya ziwa Rotomahana, moja nyeupe, nyingine ya waridi, zilizojengwa na madini ya maji moto yaliyotiririka kwa karne nyingi. Mgeni alifikia kijiji cha Te Wairoa, akavushwa ziwa Tarawera kwa mashua, akatembea, kisha akapanda mtumbwi. Mwana wa Malkia Victoria alifika mwaka 1870. Kiongozi mashuhuri wa wageni hao alikuwa Sophia Hinerangi, binti wa Mskoti na mama Mmaori, ambaye Kiingereza kilikuwa ulimini mwake. Kamusi ya wasifu wa watu wa New Zealand, ambayo ndiyo niliyoitegemea zaidi hapa, inampa heshima anayostahili.

Ugomvi kati ya wenyeji na wageni ulikuwa juu ya fedha. Watuhourangi walitoza ada ya mashua, ya kuongozwa, ya ngoma, na aliyetaka kupiga picha alilipia pia. Wasafiri wa Kizungu walinung'unika na kuandika kwamba wenyeji wameingiwa na tamaa. Sioni tamaa iko wapi. Ziwa lao, mashua zao, jasho lao. Na hao walionung'unika walikuwa wamelipa nauli za meli kutoka Ulaya bila kinyongo. Mwaka 1881 serikali ilitunga sheria ya kujipa mamlaka juu ya ardhi zenye chemchemi za moto. Mwaka huohuo Te Wairoa ilizindua ukumbi wake, Hinemihi, kazi ya mafundi wachongaji Wero Taroi na Tene Waitere. Kwa desturi macho ya sanamu za Kimaori hutiwa vipande vya kombe vinavyong'aa. Hapa zilipachikwa sarafu za dhahabu, na kila aliyeingia kutazama ngoma aliziona zikimkodolea. Nasoma humo fahari ya watu waliojua thamani ya walichonacho.

Mlima ulipopasuka, matope yalifukia Te Wairoa, na vijiji vya Te Ariki na Moura vikaangamia na watu wake. Ngazi zile zilitoweka. Zaidi ya watu 60 walisalimika ndani ya nyumba ya Sophia, ambayo paa lake lenye mteremko mkali halikulemewa na uzito. Wengine walijibanza Hinemihi, wakiuegemeza ukumbi kwa mabenchi usianguke. Hata hivyo walikuwapo waliosema kuwa ni adhabu ya tamaa ileile.

Walionusurika walipewa mahali pa kuishi Whakarewarewa, Rotorua, na Sophia akaendelea kuongoza wageni huko hadi karibu na kifo chake mwaka 1911. Makereti, aliyejulikana pia kama Maggie Papakura, aliipokea kazi hiyo. Mwaka 1901 serikali iliunda idara ya utalii; mwaka 1963 ikaanzisha taasisi ya sanaa za Kimaori palepale.

Hinemihi yenyewe aliinunua gavana Onslow mwaka 1892 kwa pauni 50, akaipeleka kwenye bustani yake Clandon, Uingereza. Ni mwaka 2019 tu ambapo shirika lililokuwa likiitunza lilikubali kimsingi kurudisha michongo yake kwa kubadilishana na mipya. Pauni 50 kwa nyumba iliyookoa roho za watu! Wenyewe walipaswa kurudishiwa zamani, bila kudaiwa chochote.