Kuingia Chama cha Matembezi: Historia ya Siku ya Mungu Katika Mji wa Lubumbashi

Siku ya Mungu asubuhi, kiisha misa ya kwanza, ukisimama kando ya njia inayotoka mjini kwenda Kafubu ao Kipushi, utaona bisi ao kamiyo inapita imejaa watu. Wamama wamevaa kikwembe cha namna moja. Wanaume wamebeba kiti, sufuria, mfuko wa makala, ngoma. Wanaimba. Mtoto aliye kando yako atauliza: «Bale ni banani?» Mkubwa atamjibu: «Njo bantu ba chama. Banaenda kutembea.»

Jibu hilo ni fupi, lakini ndani yake kuna historia ya karibu miaka mia. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, kutembea si kupeleka miguu tu. Kutembea ni kwenda kuonana na watu. Asiyetembelea mtu, naye hatembelewi. Ndiyo maana tumeona vizuri, katika kitabu hiki cha desturi zetu, kuandika juu ya jambo ambalo wengi wanadhani ni mchezo: namna gani mtu anaingia katika chama cha matembezi, desturi hiyo ilitoka wapi, na mbona leo tunapaswa kuilinda.

Tuanze na mji wenyewe. Fasi hii ilikuwa na wenyewe, Balamba, mbele ya Wazungu kufika. Lakini mji wa Elisabethville ulianza mwaka 1910, wakati njia ya reli ilipofika kutoka kusini. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ya Union Minière iliyeyushwa. Kazi ilitaka mikono, na mikono ilitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, Luapula, na katika miaka ya 1920 hata Rwanda na Burundi. Walikuwa vijana wanaume, wengi bila bibi, bila mjomba, bila mtu wa kuwazika. Ili kutoka kwao na kuja mjini, walihitaji karatasi ya ruhusa. Usiku walikatazwa kutembea katika mji wa Wazungu. Juma lote lilikuwa la kapita na la filimbi ya kazi. Siku moja tu ilikuwa yao: siku ya Mungu.

Mtu wa namna hii anafanya nini siku ya Mungu? Anatafuta wenzake. Mwanzo alitafuta wale wa kijiji chake, wanaosema luga moja. Walikaa chini ya muti, wakanywa munkoyo, wakapeana habari za kwao, wakachanga franka kidogo kidogo kwa ajili ya mgonjwa na maiti. Vyama vingi vya mji wetu vilizaliwa hivyo. Tulikumbuke neno hili, maana tutalirudia: kabla ya kuwa chama cha furaha, kilikuwa chama cha kilio.

Kiisha vita vya 1914-1918 kukaingia kitu kipya: mbeni. Mchezo huu ulianza kwenye pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ambako watu waliiga muziki wa tarumbeta na mwendo wa waaskari wa Kizungu. Vita viliwachukua waaskari na wabeba-mizigo mpaka bara, nao wakabeba mbeni pamoja na mizigo yao. Mbeni ilifika hata kwetu Katanga. Ilikuwa ngoma, lakini ilikuwa pia chama, chenye wakubwa wenye majina makubwa: mfalme, gavana, jenerali, daktari. Mtu aliyeitwa «boy» juma lote, siku ya Mungu aliitwa mfalme, akatembea mbele ya watu katika njia, na watu wakamfuata.

Serikali ya Wabelgiji na wamisionari hawakupenda mambo hayo. Waliogopa: hawa wanaojiita magavana, wanapanga nini? Walitaka kujua kila chama, wakubwa wake, na pesa zake zinakwenda wapi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya zile pesa ilikuwa ikienda kwa wagonjwa na wafu. Lakini woga wao haukuwa bure kabisa. Watu wanaojua kutembea pamoja, wanajua pia kusimama pamoja. Katika mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kwa ajili ya mshahara, walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira cha Elisabethville. Tarehe 9 waaskari waliwapiga risasi, na watu wengi wakafa. Kiwanja cha mchezo kikawa fasi ya damu. Wazee wetu hawakusahau.

Mbeni ilizaa ngoma nyingine. Iliyo karibu nasi zaidi ni kalela, inayojulikana pande zote mbili za mpaka. Mtaalamu Mwingereza J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu kidogo mwaka 1956, kiisha kuiangalia kule Luanshya, katika migodi ya shaba ya ng'ambo. Wachezaji aliowaona walikuwa vijana Wabisa. Walivaa suruali iliyopigwa pasi, shati safi, viatu vya kung'aa. Walikuwa na mfalme wao na daktari wao, na mama mmoja, nesi, mwenye nguo nyeupe, kioo na kitambaa, ili kila mchezaji abaki safi. Lakini jambo kubwa lilikuwa katika nyimbo. Vijana hao walisifu kwao, kiisha wakawachekesha watu wa makabila mengine kwa kuwatania, nao waliotaniwa walisimama pale pale wakicheka.

Ndugu msomaji, usipite hapa mbio. Mji ulikuwa umewaweka pamoja watu ambao babu zao hawakujuana, na wengine walikuwa wamepigana. Hawakuwa na mfalme mmoja wala mzimu mmoja. Kitu gani kiliwafundisha kukaa lupangu moja na lupangu ya pili? Utani wa siku ya Mungu ulifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Unayemtania leo na akacheka, kesho utamwazima chumvi.

Kutoka mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadilisha mawazo. Iliona kuleta watu wapya kila mara ni hasara, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi katika kampi pamoja na bibi na watoto wao. Posho, nyumba, hospitali, masomo, vyote vilitoka kwa kampuni. Wamisionari nao walifungua njia yao ya matembezi kwa vijana: skauti, na baadaye kiro. Mtoto alipewa kitambaa cha shingo, akafundishwa kuwasha moto, kulala porini, kuimba akitembea. Tena, wengi hawajui kwamba timu kubwa ya mji wetu ilizaliwa katika hali hiyo. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wao, wakaiita Saint-Georges, jina la mtakatifu mlinzi wa skauti. Timu hiyo ikawa Englebert, na leo ni Tout Puissant Mazembe, iliyochukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, na mara nyingine kiisha hapo.

Katika miaka ya 1950 kila komine ilikuwa na vijana wake. Komine ya Kenya ilikuwa na Jecoke, ndiyo Jeunes Comiques de la Kenya, wachezaji na wachekeshaji ambao jina lao lilipita mipaka ya Katanga. Hata mabwana wazee waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu walikuwa na chama chao. Ni kwa ajili ya wenzake hao André Yav aliandika, mwaka 1965, historia ya mji wa Elisabethville katika Kiswahili chetu. Kwa hiyo, chama ni pia fasi ya kulinda kumbukumbu.

Sasa tuseme namna ya kuingia. Tuliwauliza wazee wa Kamalondo, wa Kenya na wa Katuba, na ingawa vyama vyao vilikuwa mbalimbali, njia waliyotuonyesha ilikuwa karibu moja.

Kwanza, mtu haji peke yake. Analetwa. Anayemleta anasimama mbele ya wengine na kusema: «Huyu ni mutu wangu.» Kutoka siku hiyo, deni la mgeni ni deni lake.

Pili, mgeni anatembea na chama mara moja ao mbili bila kuandikwa. Matembezi ndiyo mtihani wenyewe. Wanaangalia: atabeba sufuria, ao atangoja kubebewa? Atakula mbele ya wamama na watoto? Akinywa, anakuwa mutu gani? Njia ikiwa ya matope na kamiyo ikakwama, atashuka kusukuma? Mzee mmoja alituambia: «Shiye tulikuwa tunaendaka ku Kafubu na miguu. Ku kwenda, bote balikuwa bazuri. Ku kurudia njo tulikuwa tunajuaka mutu.»

Tatu, anatoa kitu cha kuingilia: kuku, munkoyo, ao pombe ya chupa, kadiri ya chama. Jina lake linaandikwa katika kaye, naye anaanza kulipa katika kese na kupokea zamu yake katika likelemba.

Nne, na hii ndiyo sheria iliyo juu ya zote: kilio kinapita matembezi. Ukikosa safari ya Mwadingusha, watakucheka. Ukikosa kilio cha mwenzako bila sababu, watakufuta. «Kama unakosaka ku kilio, hata ku matembezi tutakuacha,» ndivyo walivyosema.

Desturi hii ilipigwa mara nyingi. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulivunja vyama vya vijana vya dini, kwani kijana alipaswa kuwa wa JMPR peke yake. Vitambaa vya shingo vikafichwa katika sanduku. Kiisha mwaka 1990 mlango ukafunguliwa tena, na skauti na kiro wakaonekana tena katika njia.

Lakini pigo kubwa halikutoka kwa Wabelgiji wala kwa Mobutu. Lilitoka kwetu wenyewe. Katika mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala siku nyingi kwenye stasioni za reli wakingoja treni, na wengi walikufa pale na njiani. Wengi wao walizaliwa Katanga. Walikuwa wametembea nasi, wametania nasi, wamelia nasi.

Tunakumbuka chama kimoja ambacho hatutakitaja jina. Walikuwa watu wa makabila mengi, na kila mwaka walikwenda pamoja kwenye ziwa la Tshangalele, lile lililotokea kiisha Lufira kuzibwa kule Mwadingusha. Katika miezi ile, sita kati yao wakaondoka. Kwenye mkutano, wengine wakasema majina yao yafutwe na pesa zao zigawanywe. Mama aliyeshika kese akakataa: «Habakutoka mu chama. Njo mji njo ulibatosha.» Alizilinda zile pesa, lakini wakati huo zaire ilikuwa ikioza kama nyanya. Mwezi wa Oktoba 1993, zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire mpya moja. Pesa ikafa katika sanduku. Kaye ikabaki.

Miaka mingi ikapita. Siku moja kijana akafika kwa yule mama. Alikuwa mtoto wa mmoja wa wale sita. Alikuja Lubumbashi kutafuta kazi, na baba yake, kabla ya kufa, alikuwa amemwambia jina la njia na namba ya lupangu. Hakukuwa na mtu wa kumleta mbele ya chama. Mama akafungua kaye, akaonyesha jina la baba. «Huyu alisha kuletwa,» akasema. Mkutano haukuwa na la kuongeza. Lakini majina matano mengine, mpaka leo, hakuna aliyekuja kuyauliza.

Leo vyama vya matembezi ni vingi kupita zamani. Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10.000 katika miaka ya 2003 na 2004, na kampi zikapoteza baba na mama yao. Watu wakatafuta familia nyingine: waliosoma pamoja, wa parokia moja, wa avenue moja, wa soko moja. Wanapatana kwa telefone, wanakodi bisi, wanakwenda mpaka Kiubo ao kwenye maporomoko ya Lofoi, yenye zaidi ya mita 300. Wanapiga picha nzuri. Hatuna la kuwalaumu katika hayo.

Lakini tunapenda kuwauliza maneno mawili. Mlipomwandika mgeni, mlimuuliza kabila lake, ao mlimwangalia akibeba sufuria? Na mwenzenu akifiwa, ile bisi mliyoikodi kwa Lofoi mtaikodi pia kwa makaburi?

Mji huu uliundwa na wageni walioletana kwa mkono. Karibu kila mmoja wetu ana babu ambaye siku moja alisimama mbele ya watu asiowajua, akingoja mtu aseme: «Huyu ni mutu wangu.» Siku ya Mungu inayokuja, kabla ya kamiyo kuondoka, tuangalie kwanza kando ya njia kama hakuna mtu anayengoja neno hilo.