Kipara cha Wimbledon

Tazama picha za fainali ya Wimbledon ya 2001, Ivanišević dhidi ya Rafter. Karibu na wavu nyasi zimelika hadi udongo unaonekana. Huko ndiko walikokimbilia kila walipoanzisha mpira, ili waupige kabla haujadunda. Fainali ya 2002, Hewitt na Nalbandian, wavuni pamebaki kijani. Kipara kiko mstari wa nyuma tu.

Wengi hulaumu nyasi. Ni kweli, Wimbledon iliacha mchanganyiko wa zamani ikapanda aina moja, ngumu zaidi. Lakini Ivanišević na Rafter walicheza juu ya nyasi hizo hizo mpya! Mimi nalaumu zaidi nyuzi za raketi. Kuerten alishinda Roland Garros mwaka 1997 akitumia nyuzi za poliesta. Kwa nyuzi hizo unapiga kwa nguvu zako zote, mpira unazunguka, unavuka wavu na kuzama miguuni pa aliyethubutu kuja mbele. Nani atathubutu tena?

Federer alimtoa Sampras mwaka 2001 kwa kukimbilia wavu. Miaka michache baadaye alitwaa ubingwa huo huo akiwa amesimama nyuma.