Historia Iliyomo Chunguni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mlishaji wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake.

Ndugu msomaji, katika Sura ya Abasa Mwenyezi Mungu anamwamrisha mwanadamu akitazame chakula chake. Kisha anamkumbusha jinsi mvua ilivyoteremshwa, ardhi ilivyopasuliwa, na nafaka na matunda yalivyooteshwa. Wengi wetu twaisoma aya hiyo tukiwa tumeshiba, tukapita. Leo natutii amri hiyo kwa kadiri ya uwezo wetu. Tukitazame chakula tulicholelewa nacho sisi watu wa pwani, hasa hapa Dunda na mji wote wa Bagamoyo. Tujue kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na kwa nini moyo wa mtu mzima hutulia anaposikia harufu yake.

CHAKULA KILICHOSAFIRI

Chukua futari ya kawaida ya mwezi wa Ramadhani: muhogo wa nazi, kipande cha samaki, kaimati mbili tatu, na kikombe cha uji wenye pilipili manga. Wewe waiona futari ya nyumbani kwenu tu, kumbe mbele yako imekaa dunia nzima. Mnazi ulifika kwetu kwa njia ya bahari, asili yake ni pwani na visiwa vya Asia. Pilipili manga yatoka Malabar katika Bara Hindi. Kaimati ni neno la Kiarabu, luqaimat, yaani tonge ndogo ndogo. Ama muhogo, huo asili yake ni Marekani ya Kusini. Wareno, waliofika pwani yetu mara ya kwanza mwaka 1498, ndio walioisambaza mimea ya huko katika karne zilizofuata: muhogo, mahindi, korosho na nanasi. Jina la mahindi humfanya mtu adhani yametoka kwa Wahindi, na kumbe nayo ni ya Marekani vilevile.

Na kabla ya hapo wazee wetu walikula nini? Wataalamu waliochimbua magofu ya Pemba wamekuta kwamba watu wa Tumbe, kabla ya mwaka 1000, walitegemea zaidi uwele. Na watu wa Chwaka waliokuja baadaye wakazidisha mpunga. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Na pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa akakuta watu wakila zaidi ndizi na samaki. Yapata miaka 700 imepita, na mtu akikualika harusini leo utakuta chano kile kile. Zama hizo Kaole, hapa jirani yetu, ulikuwa mji wenye msikiti wa mawe, na magofu yake yangali yamesimama.

WALI NA MUHOGO

Lakini historia ya chakula si ya majahazi na mbegu peke yake. Imo pia dhuluma ndani yake, na yatupasa tuiseme. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Tabora na Ujiji. Maelfu ya wapagazi walibwaga pembe za ndovu hapa, na pamoja nao waliletwa watu waliotiwa utumwani. Wengi walivushwa Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu, na huko chakula kikuu cha mtumwa kilikuwa muhogo. Wali ulikuwa chakula cha bwana na wageni wake.

Basi msomaji, unapomsikia mtu leo akisema kwa kiburi kwamba nyumbani kwake hawali muhogo, fahamu kwamba dharau hiyo haina asili katika dini. Ni mabaki ya utumwa yaliyosalia katika ndimi zetu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini tabia zake hazifutwi kwa sheria. Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Huraira katika hadithi iliyo sahihi, hakupata kukitia kasoro chakula hata mara moja, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Na sisi wa Bagamoyo tuna mfano wetu. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa hapa utotoni kutoka Manyema akiwa mtumwa. Kwa elimu na uchamungu akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 jina lake lilikuwa limeenea bara na pwani. Katika maulidi ya mji huu muungwana, mtoto wa mtumwa na mgeni wa kutoka bara walikaa wakala katika sinia moja. Chakula kile kile kilichokuwa kikiwatenga watu kikawakusanya.

MTU WA DUNDA HUKO BERLIN

Kuna mtu mwingine wa kwetu ambaye vijana wengi hawamjui. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda yapata mwaka 1869, akasoma vyuoni kwa masheikh wa mji huu, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na sehemu kubwa ya maneno yake yalitoka kwa Mtoro. Humo mna habari za uzazi na malezi, chuo na jando, harusi na mazishi, na namna watu walivyokula na kukirimiana. Mwaka 1905 alitaka kurejea nyumbani na mkewe, mwanamke wa Kijerumani aliyemwoa mwaka uliotangulia. Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali watu wawili wale wakae nchini pamoja. Ikambidi arudi Ulaya, na huko Berlin akafia mwaka 1927, bila ya kuiona Dunda tena.

Zingatia, msomaji. Mtu yule alizuiwa nyumbani kwao, lakini desturi za nyumbani hakuna aliyeweza kumnyang'anya, kwa sababu alizihifadhi moyoni na akaziandika. Kama si yeye na wenziwe, mengi ya mababu zetu yangalikwisha kuzikwa. Sisi tulio nyumbani, ambao hapana aliyetuzuia, tumehifadhi nini?

FARAJA YA CHAKULA

Huenda ukauliza kama chakula ni jambo la kuandikiwa makala katika gazeti la dini. Naam, ni jambo lake. Bibi Aisha (r.a.), kukitokea msiba katika jamaa zake na wageni wakisha kutawanyika, alikuwa akiamrisha kipikwe chungu cha talbina, nao ni uji wa unga wa shayiri. Akaeleza kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa uji huo humtuliza mgonjwa moyo wake na humwondolea mtu baadhi ya huzuni. Na ilipofika habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib vitani Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaagiza watu wawapikie chakula jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Basi chungu kinachopikwa kwa mapenzi ni ibada na ni dawa.

Katika kazi hii ya ualimu nimekaa kitako na wazee wengi katika maradhi yao ya mwisho. Sikumbuki aliyeomba biriani. Huomba uji wa mchele wenye tui, au muhogo laini, au mchuzi wa papa kama alivyopika mama yake. Na mara nyingi nyumba nzima hutazamana, kwa kuwa waliojua kupika hivyo wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Mama yangu alikuna nazi kwa mbuzi, akakamua kwa kifumbu, akaliweka tui zito kando. Muhogo aliumenya, akautoa mzizi wa kati, akauchemsha kwa tui jepesi na chumvi mpaka ukalainika. Ndipo akamimina tui zito, akakoroga polepole wala hakufunika, ili tui lisikatike. Twalirudi chuoni jioni na njaa zetu, tukakuta kawa limefunikwa, na la jirani limekwisha kupelekwa. Hatukujua kwamba sisi ni maskini.

Wala usidhani kwamba hayo ni mambo ya ladha tu. Muhogo mchungu una sumu, na kisamvu vilevile. Bibi zetu walijua upi wa kuchemshwa siku hiyo hiyo, na upi wa kulowekwa, kuanikwa na kufanywa makopa. Walijua kisamvu kitwangwe vipi na kikae motoni muda gani. Katika ukame wa 1973 na 1974, nchi iliponunua nafaka ng'ambo na watu wakala unga wa manjano walioupa jina la yanga, nyumba yenye makopa ghalani ilikuwa na akiba. Huo ni ujuzi wa kuhifadhi nafsi za watu, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

LA KUFANYA

Leo mtoto wa pwani hufuturu kwa chipsi na soda, na katika harusi masinia ya pilau humwagwa nusu, hali Kitabu chetu kimetukataza israfu katika Sura ya Al-Aaraf. Sisemi kwamba vyakula vipya ni haramu. Tumekwisha kuona kwamba hata muhogo ulipata kuwa mgeni. Nasema kwamba mgeni hukaribishwa sebuleni, wala mwenye nyumba hatolewi nje kwa ajili yake.

Basi fanya haya matatu. Kwanza, mweke mtoto wako, wa kike na wa kiume, karibu na bibi yake jikoni walau siku moja katika juma, ajifunze kwa mikono yake. Pili, andika yale anayoyasema bibi, kama alivyoandika Mtoro, kabla hajaondoka. Tatu, rudisha sahani ya jirani. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharri apikapo mchuzi azidishe maji, awakumbuke majirani zake, na maji, Alhamdulillahi, hayana bei ya kumshinda mtu.

Ee Mwenyezi Mungu, warehemu mama zetu waliotulisha kabla ya kujilisha wao, utujaalie kuzishukuru neema Zako, na usitufanye katika wenye kudharau riziki. Amin.