Majini wa Kijuju Walipofika Embu

Nimekuwa kimya majuma matatu. Kulikuwa na hifadhidata ya mteja mmoja iliyokataa kabisa kuamka baada ya umeme kupotea, na hadithi hiyo nitaisimulia siku nitakapoweza kuicheka. Leo naomba tuache programu kando kidogo tuzungumze historia. Si historia ya wafalme, ni ya gemu moja tu, na jinsi ilivyofika huku kwetu Embu na Meru ikiwa imechelewa kama miaka mitatu.

Kijana mmoja anayejifunza kazi ofisini kwetu aliniuliza kwa nini gemu za zamani zilikuwa zinakata skrini vipande viwili. Nikaanza kumjibu kitaalamu, nikajikuta namsimulia kibanda kimoja karibu na steji ya Embu, binamu yangu, na padi iliyofungwa kwa utepe mweusi wa fundi wa umeme. Basi niyaandike vizuri.

Gemu za kutisha za konsoli zilianza kama mchezo wa mtu mmoja. Resident Evil ya kwanza, iliyotengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani, ilitoka mwaka 1996 kwenye PlayStation ya kwanza. Uko peke yako kwenye jumba kubwa, risasi ni chache, na hata kuhifadhi ulipofika ni lazima upate utepe wa taipureta. Hofu yote ilitokana na upweke huo. Ukiwa na mwenzako kando unacheka, na anayecheka haogopi.

Capcom walijaribu kuvunja kanuni hiyo kwa Resident Evil Outbreak, iliyotoka Japani Desemba 2003 kwenye PlayStation 2. Watu wanne, kila mmoja nyumbani kwake, wanakimbia mji mmoja uliojaa wafu. Lakini ilikuwa ni lazima kila mtu awe na mtandao, kwa sababu gemu yenyewe haikugawa skrini. Nani Embu alikuwa na mtandao wa kuunganisha PlayStation mwaka 2004? Nchi nzima ilikuwa inategemea setilaiti, ghali na polepole. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kwa hiyo Outbreak ilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege ya kwenda Ulaya.

Kisha Machi 2009 ikaja Resident Evil 5, ya PlayStation 3 na Xbox 360. Hii ndiyo yenyewe. Askari wawili, Chris Redfield kutoka Marekani na Sheva Alomar, Mwafrika, wanaingia eneo la kubuni liitwalo Kijuju, na safari nzima wako wawili. Kila mmoja ana nafasi tisa tu za mizigo. Risasi zako ukimaliza unamwomba mwenzako. Ukizidiwa huwezi kujiokoa, unajikokota tu huku muda ukiisha mpaka mwenzako akufikie. Kuna milango isiyofunguka mpaka wote wawili waisukume. Na jambo kubwa kwetu: gemu hii ilikubali watu wawili kwenye runinga moja. Haikuhitaji mtandao hata chembe.

Sasa mbona ilichelewa miaka mitatu? Hapa nawaomba wasiopenda hesabu wavumilie aya mbili.

PlayStation 2 ilikuwa imetapakaa vibandani kwa sababu fundi aliweza kuitia chipu, na baada ya hapo ikasoma CD za kunakiliwa. PlayStation 3 haikuwa hivyo. Diski zake ni Blu-ray, haziigiki kirahisi, na gemu halali iligharimu maelfu ya shilingi. Kila programu inayoendeshwa na mashine hiyo ilipaswa kuwa na sahihi ya kidijitali ya Sony, na bila ufunguo wa siri wa Sony huwezi kuighushi. Kwa miaka minne karibu yote ngome hiyo ilisimama.

Iliangushwa na kosa ambalo bado naliwaza nikiandika msimbo wa usalama. Hisabati ya sahihi hiyo, iitwayo ECDSA, inadai kwamba kila unapotia sahihi uchague namba mpya ya bahati nasibu ambayo haijulikani na mtu. Wahandisi wa Sony walitumia namba ileile kila mara. Ukipata sahihi mbili zilizotumia namba moja, unabaki na milinganyo miwili yenye vitu viwili usivyovijua: namba hiyo na ufunguo wenyewe. Yaani hesabu ya kidato cha pili! Desemba 2010, kwenye kongamano la wadukuzi mjini Berlin, kikundi kiitwacho fail0verflow kilieleza jambo hilo jukwaani, na Januari 2011 kijana Mmarekani George Hotz akachapisha ufunguo mkuu. Sony ikamshtaki, kesi ikaisha kwa makubaliano, lakini maji yalikwisha kumwagika. Konsoli yenye toleo 3.55 la programu yake au la chini zaidi ikaweza kusoma gemu kutoka diski ya nje, bila Blu-ray wala Sony.

Ndivyo kosa la hesabu lililofanyika Japani lilivyotua Embu. Mwenye kibanda chetu alinunua PS3 kuukuu ya toleo 3.55 huko Nairobi, pamoja na diski ya nje iliyojaa gemu. Juu ya mashine alibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu USIBONYEZE UPDATE, na aliyeisogelea sehemu hiyo ya menyu alikuwa anafukuzwa kama mwizi wa kuku. Ulikuwa ni wizi, najua. Leo nakula kwa kuuza programu na sina hamu ya kuutetea. Lakini historia ndiyo hiyo.

Mwaka ulikuwa 2012, mimi nina miaka kumi na mitano. Binamu yangu, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka miwili, alikuwa anakaa Nkubu kule Meru, na kila likizo alipanda matatu akavuka daraja la Nithi kuja kwa nyanya yetu Runyenjes. Kutoka hapo Embu mjini si mbali.

Kibandani kulikuwa na tatizo ambalo sijawahi kuliona likiandikwa popote. Biashara yote ya vibanda vya gemu ilijengwa juu ya mpira. Mechi moja shilingi 20, anayefungwa analipa na kuinuka, anayefuata anakaa. Malipo yamo ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu daima kuna aliyeshindwa. Resident Evil 5 haina mshindwa. Mkifa, mmekufa wote wawili. Nani alipe? Na mechi inaisha lini, ikiwa gemu nzima inamchukua mgeni kama saa kumi na mbili? Mwenye kibanda alikuna kichwa siku nzima. Mwishowe akasema shilingi moja kwa dakika, na tusionekane hapo Jumamosi jioni wakati wa wateja wa mpira.

Pigeni hesabu: saa kumi na mbili ni shilingi 720. Tulichuma kahawa ya nyanya na ya jirani, debe baada ya debe, tukalipia Kijuju kwa vipande vya nusu saa. Waliokuwa wanasubiri zamu walitulaani. Lakini taratibu wakaanza kukaa nyuma yetu na kuelekeza. "Kushoto! Mpe dawa! Mwache, kimbia!" Mechi ya mpira iligawa kibanda pande mbili. Gemu hii ilikiunganisha chote upande mmoja, na sijui kama mwenye kibanda aligundua kwamba watazamaji hao walikuwa wananunua mandazi yake kuliko wachezaji.

Runinga ilikuwa ya inchi 21, ile yenye mgongo. Kugawa skrini maana yake mashine inachora dunia mara mbili kwa wakati mmoja, kazi nzito, na Capcom waliamua kuweka madirisha mawili madogo yaliyopishana, moja juu kushoto, jingine chini kulia, yanayobaki ni weusi mtupu. Kwenye runinga yetu kila dirisha lilikuwa kama bahasha. Maandishi hayakusomeka kabisa. Kwa hiyo tulicheza bila kujua maelekezo, kwa kuambiana tu.

Na tuliambiana kwa sababu nyingine. Wale maadui walikuwa wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Mara ya kwanza nilidhani ni watu wa nje barabarani. Kisha binamu akasimamisha mchezo, kibanda kikanyamaza, akauendeleza tena. Kweli kabisa. Lafudhi ilikuwa ya ajabu, kama mtu aliyesomewa maneno kwa simu mbovu, na mengi yalipotea kwenye ghasia, lakini baadhi tuliyashika. Hapo nyuma mtu mmoja akasema, "Hawa ni watu wa kwetu." Mashine yenyewe haikuwa na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake. Wahusika wakuu walizungumza Kiingereza. Lugha yetu ilikuwa imeingia kwenye gemu ya mamilioni ya dola kupitia midomo ya watu wanaotakiwa kupigwa risasi.

Maadui hao wanaitwa Majini. Mimi, mtoto wa bara, nilipolisoma neno hilo baadaye nilidhani ni mambo ya samaki, yaani ndani ya maji. Kumbe ni wingi wa jini. Mtu wa pwani angewaambia kwamba majini wako wa namna nyingi na wengine wana adabu zao, lakini Capcom hawakutaka mambo mengi. Majina mengine ndiyo burudani. Kuna mdudu anayeruka anaitwa Kipepeo. Kuna zimwi liitwalo Uroboros Mkono. Kuna dude kubwa lenye mabawa ya popo, jina lake Popokarimu, na mpaka leo binamu na mimi tukikutana na mtu mchoyo tunamwita hivyo. Ukarimu gani ule!

Kichekesho kikubwa ni kwamba Kijuju imewekwa Afrika Magharibi. Kiswahili huko kilifika na nani? Hata Wahispania wanafahamu maumivu haya, maana Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ina wanakijiji wa Uhispania wanaotukana kwa lafudhi ya Amerika ya Kusini na Meksiko. Lakini wao walikosewa lafudhi. Sisi tulihamishwa upande mzima wa bara.

Baadaye, chuoni, nikasoma kwamba gemu hii ilizua ugomvi mkubwa tangu trela yake ilipoonyeshwa mwaka 2007: mzungu mwenye bunduki, kijiji cha Waafrika, risasi. Mwandishi N'Gai Croal wa jarida la Newsweek alieleza vizuri jinsi picha zile zilivyobeba historia ya zamani ya kumchora Mwafrika kama kundi lisilo na uso. Nilipoisoma hoja hiyo nilikumbuka sura ya mabwawani, ambapo maadui wanavaa vinyago na majani na kurusha mikuki. Siku tuliyofika hapo watazamaji wetu walicheka sana. Kisha muuza muguka aliyekuwa amechungulia mlangoni akauliza, "Hao ni wa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nakumbuka binamu alikazana kuangalia skrini.

Mimi nadhani Croal alikuwa sahihi, na nadhani pia tuliipenda gemu ile kwa dhati. Sijaona sababu ya kuchagua kimoja. Kinachonikera hasa ni kidogo zaidi: kwamba mara ya kwanza unapocheza, mchezaji wa kwanza lazima awe Chris. Sheva ni wa padi ya pili. Na kila aliyewahi kuingia kibanda cha gemu anajua padi ya pili ikoje. Ya kwetu ndiyo iliyofungwa utepe, na kijiti chake cha kushoto kilivuta upande. Binamu, kwa kuwa mkubwa, alichukua Chris. Mimi nilikuwa Sheva miezi yote ile, nikitembea kwa mshazari kama kaa.

Tulifika sura ya mwisho Desemba 2012. Tulikuwa tumebakiza kama nusu saa, na fedha ya nusu saa tulikuwa nayo. Umeme ukapotea. (Mabwawa ya mto Tana yanayozalisha umeme wa nchi, Masinga, Kiambere na wenzake, yako hapo chini Mbeere. Ukiwa Embu gizani hilo ni jambo la kufikirisha.) Tulingoja mpaka matatu ya mwisho ya Runyenjes ikaita. Kesho yake binamu alirudi Nkubu, na likizo ya Aprili tulipokuja tulikuta kibanda kimekuwa duka la kuuza mitumba. Mashine ilikuwa imeuzwa, na safari yetu yote, shilingi mia saba na ushee za kahawa, ilikuwa humo ndani kwenye diski yake. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuelewa neno nakala rudufu, kabla hata sijalisikia.

Capcom waliitoa gemu hii upya kwa PlayStation 4 mwaka 2016, bado ikiwa na skrini ya kugawa na pia ya mtandaoni. Mwaka jana nilinunua yangu, kwa fedha halali. Binamu sasa yuko Meru mjini, ana mke na watoto wawili, na waya wa intaneti umefika mpaka sebuleni kwake pale Makutano. Tulianza mwanzo. Yeye Chris tena, ati kwa sababu ya umri.

Tulichukua majuma sita, usiku, watoto wake wakiwa wamelala, tukinong'ona kwenye vipaza sauti. Mwishoni mwa gemu mko ndani ya volkano, daraja limeanguka, Sheva amekwama upande mmoja, na Chris anatakiwa kuliondoa jiwe kubwa kama nyumba kwa ngumi. Ndiyo, kwa ngumi. Dunia nzima imeicheka sehemu hiyo. Nilisimama pale juu ya moto nikisikia kitufe cha binamu kikilia ta-ta-ta-ta kutoka Meru, na mtoto akiamka, na mke wake akiuliza kuna nini. "Ngoja kidogo," akamwambia, "nilimwacha mtu huku."

Jiwe likasogea. Nikavuka.