Nani Atabaki na Mtoto? Fundisho la Njia ya Misafara ya Tabora

Mtoto asiyetarajiwa kupona ni wa nani? Hospitali ikishasema kwamba dawa ya kuponya haipo, mzazi humrudisha nyumbani, na mara nyingi sisi wachungaji hufika siku ya mazishi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya Tabora ina neno la kutuambia juu ya swali hilo.

Katika karne ya 19 Unyanyembe, yaani Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na baadhi yao walifuatana na wake na watoto. Tusiipambe njia hiyo. Mgonjwa wa ndui aliogopwa na kutengwa. Mtumwa aliyeshindwa kutembea, hata akiwa mtoto, aliweza kuachwa porini au kuuawa.

Hata hivyo, njia hiyo hiyo ilikuza utani. Wanyamwezi walikuwa watani wa makabila ambayo misafara ilipita kwao, kama Wazaramo. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukejeli hata msibani, lakini alikuwa pia na wajibu wa kumsaidia mwenzake na kushughulikia maziko yake. Hivyo mpagazi aliyeanguka mbali na kwao hakukosa ndugu.

Tutazame pia kifo cha David Livingstone. Agosti 1872 aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, pamoja na wapagazi wake. Aprili 1873 hakuweza tena kutembea, nao wakamchukua kwa machela. Katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, walimjengea kibanda, na kijana Majwara akawekwa kulala karibu naye. Ndiye aliyemwita Susi usiku ule bwana wao alipofariki. Watu hawa hawakuwa na dawa ya kumponya. Walikuwa na mabega, kibanda, moto, na mtu wa kuwa karibu. Wala hawakumwacha alipokufa: mwili wake ulipita Unyanyembe Oktoba 1873, ukafika Bagamoyo Februari 1874.

Siku hizi huduma ya namna hii huitwa tiba shufaa. Neno shufaa lina maana ya kumwombea mwingine, nasi tungefanya vema kulikumbuka. Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990. Kampala ilifuata mwaka 1993, na huko morfini ya maji ikawawezesha wagonjwa kutulizwa maumivu wakiwa nyumbani. Hospitali yetu ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma hii mwaka 1999, ikiwatumia watu wa kujitolea kuwatembelea wagonjwa majumbani, na hospitali nyingine za KKKT zikafuata. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba kwa mtoto huduma hii huanza ugonjwa unapotambuliwa, huenda sambamba na matibabu mengine, na huihusu jamaa nzima. Basi kuikubali si kukata tamaa.

Kwa mzazi wa Sikonge au Urambo jambo hili ni zito. Hospitali kubwa zinazotibu saratani ya watoto ziko Mwanza na Dar es Salaam. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilometa zipatazo 840. Anaporudi na mtoto, nauli imekwisha na shamba limelala. Hapo ndipo anapohitaji watani. Kila mtaa wa usharika waweza kuwa na watu wawili au watatu waliofundishwa na muuguzi: wa kutambua maumivu na kuwahi dawa, wa kumpokea mama usiku mmoja ili alale, wa kumwangalia kaka au dada aliyeacha shule ili auguze.

Na sisi wahubiri tuna wajibu wetu. Tusimwambie mzazi kwamba mtoto haponi kwa sababu imani yake ni haba. Huko ni kumwongezea mzigo aliyekwisha kulemewa. Rafiki zake Ayubu walimfaa zaidi katika zile siku saba walizoketi naye kimya kuliko katika hotuba zao zote. Mtoto akiuliza kama atakufa, ajibiwe kweli kwa kadiri ya umri wake, na anayemjibu awe mtu atakayerudi kesho.