Almasi, Malaria na Daraja la Tshopo

Mchezo wa Far Cry 2 unaanzia ndani ya teksi. Barabara ni ya vumbi, nchi ni ya Afrika na haina jina, dereva anaongea huku watu wakikimbia vita na virago vyao. Kisha malaria inampiga mchezaji, anazimia. Akizinduka hotelini, aliyesimama kando ya kitanda ni yule yule aliyetumwa kumuua: Jackal, mchuuzi wa silaha anayeziuzia pande zote mbili za vita.

Ubisoft Montreal waliutoa Oktoba 2008, kwa PlayStation 3, Xbox 360 na kompyuta. Ulirithi jina la Far Cry ya mwaka 2004, iliyotengenezwa na Crytek, lakini hadithi ni nyingine kabisa. Clint Hocking, aliyeongoza ubunifu wake, hakuficha kwamba alichota katika riwaya ya Joseph Conrad, Heart of Darkness. Hata sehemu ya mwisho ya mchezo imepewa jina la kitabu hicho. Na kitabu hicho kilitoka katika safari ya kweli ya meli, na safari hiyo iliishia hapa Kisangani, kwenye maporomoko ya Wagenia. Nataka kuifuata njia hiyo kinyumenyume, kutoka konsoli hadi mtoni, kwa sababu kila aliyeipita ameacha kitu njiani.

Tuanze na waliyoyasema wachezaji. Moto uliwavutia wengi: ukiwasha nyasi kavu, upepo unaubeba, unaruka hadi kwenye gari, gari linalipuka. Ramani nayo unaishika mkononi huku unaendesha, wala haijabandikwa pembeni mwa skrini. Malalamiko pia yalikuwa mengi. Bunduki zinaota kutu na kukwama katikati ya mapigano. Malaria inarudi bila kubisha hodi na lazima utafute dawa. Kila mtu anakupiga risasi hata kama unaufanyia kazi upande wake. Lakini kero iliyowachosha kuliko zote ilikuwa vizuizi vya barabarani. Unapigana, unawamaliza walinzi wote, unasonga mbele. Ukirudi muda si mrefu, kizuizi kimejaa watu wapya wenye silaha, na unaanza upya. Wengi waliliita hilo kosa la watengenezaji. Mtu wa Kisangani angeuliza kosa liko wapi.

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1890. Mnamo Agosti 3, Conrad aliondoka Kinshasa ndani ya stima ndogo iitwayo Roi des Belges, akijifunza mto chini ya kapteni Koch. Walipanda Mto Kongo karibu kilomita 1,700 na kufika Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, tarehe 1 Septemba. Koch aliugua, na Conrad akaachiwa usukani kwa muda. Wakati wa kurudi walimbeba wakala wa kampuni, Georges-Antoine Klein, aliyekuwa mgonjwa hoi. Klein alifia njiani tarehe 21 Septemba. Katika muswada wa riwaya, jina la Klein ndilo lililoandikwa kwanza, kabla Conrad hajalibadilisha kuwa Kurtz, wakala anayefuatwa mtoni katika riwaya hiyo.

Hadithi ilitoka kwenye jarida la Blackwood's mwaka 1899, ikawa sehemu ya kitabu mwaka 1902. Ndani yake mto hauna jina, na kituo alikokaa Kurtz hakina jina. Waafrika wa kingoni wanaonekana kama vivuli vinavyokimbia. Lakini mji ambao Conrad aliukuta ulikuwa na mwenyewe. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikuwa liwali wa Stanley Falls tangu mwaka 1887, kwa mkataba aliowekeana na mpelelezi Stanley, aliyetia saini kwa niaba ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alikuwa tayari ameshaondoka kuelekea Zanzibar Conrad alipofika, naye mpwa wake Rashid alibaki. Kulikuwa na mashamba ya mpunga, kulikuwa na sala tano kwa siku, na Kiswahili kilisemwa sokoni. Wagenia walikuwa wakivua samaki kwenye maporomoko kwa matenga makubwa yaliyofungwa kwenye miti iliyosimikwa majini, na uvuvi huo upo hadi leo.

Sisemi hayo kumsafisha Tippu Tip. Alijitajirisha kwa pembe za ndovu na kwa watumwa, na vijiji vingi kandokando ya mto Lualaba viliteketea mikononi mwa watu wake. Nasema kwa sababu aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na humo watu wana majina: machifu, wadeni, ndugu, maadui, pamoja na mahali walipokutana na bei waliyopatana. Kuhusu mto huu huu na miaka ile ile, tuna basi kitabu cha Mswahili kilichojaa majina na kitabu cha Ulaya kisichoutaja kwa jina mto wala kituo. Kilichofika kwenye konsoli ni hicho cha pili.

Na hapo ndipo namlaumu Hocking na wenzake, japokuwa nauheshimu mchezo wao. Ramani yao ina kilomita za mraba 50 za misitu, savana, mito na miji midogo, na karibu wote unaowakuta humo wana bunduki. Raia wamejificha kanisani na vichochoroni. Unawapelekea karatasi za kusafiria, wanakupa dawa ya malaria, basi. Hakuna soko, hakuna mama anayeuza chikwangue, hakuna mtoto anayekwenda shule. Nchi imeachwa tupu ili mchezaji apigane bila kumjeruhi mtu asiye na silaha.

Katika mji huu haikuwa hivyo. Kisangani ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD Agosti 1998, waasi walioungwa mkono na Rwanda na Uganda kwa pamoja. Mwaka uliofuata kundi lao lilipasuka, kila jeshi likashika tawi lake, na mji wenye almasi za Banalia na Bafwasende ukawa mfupa wa kugombewa. Agosti 1999 majeshi hayo mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji. Mei 2000 yakapigana tena. Kisha, kuanzia Juni 5 hadi 10, 2000, kikaja kile ambacho wakazi wanakiita Vita vya Siku Sita. Waganda walikuwa kaskazini ya mto Tshopo, Wanyarwanda wakalishikilia daraja, na makombora yakapita juu ya nyumba za komini za Tshopo na Makiso. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye ulitaja raia zaidi ya 760 waliouawa, takriban 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika. Watu hao ndio ambao ramani ya mchezo haina.

Kumbuka sasa kile kizuizi kinachojaa upya. Mara mbili katika miezi kumi watu wa Kisangani waliambiwa kwamba mapigano yamekwisha, wakatoka nje, wakafagia vioo, na yakaanza tena. Wachezaji walichokiona kuwa uchovu usio na maana, kwangu ndicho kitu cha kweli kuliko vyote katika mchezo huo. Cha pili ni malipo: kazi za vita humo hulipwa kwa almasi mbichi, na pande mbili zinazopigana, UFLL na APR, hazitofautiani kwa lolote isipokuwa herufi.

Kati ya Uganda na Rwanda, tofauti kubwa ilikuja kuonekana The Hague. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia kwa makosa yaliyofanyika Kongo, yakiwemo matendo ya jeshi lake Kisangani. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikataliwa Februari 2006, kwa kuwa Mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Februari 9, 2022 fidia ikapangwa: dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara ya watu na milioni 60 kwa mali ya asili iliyoporwa, almasi ikiwemo. Uganda ilitakiwa kulipa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano.

Serikali ya Kongo iliunda mfuko wa kuzigawa pesa hizo, FRIVAO, na makao yake yako hapa Kisangani. Ili alipwe, mhanga lazima atambuliwe: ni nani, aliishi wapi, alipoteza nini au nani. Kwa kombora lililotoka upande wa kaskazini wa Tshopo kuna hukumu na kuna mlipaji. Kwa lililotoka upande wa kusini mwa mto huo huo, wiki ile ile, hakuna hukumu wala mlipaji.