Mwalimu wa Elisabethville na mijusi wa Amerika ya Kusini

Sisi wa Likasi tunamujua mujusi wa kichwa cha buluu anayepanda shina la muembe na kutikisa kichwa. Watoto wa katekismu wanasema anaitika amina. Tukiulizwa jina lake tunajibu: mujusi, basi. Lakini katika jina hilo moja mna mijusi wa aina ngapi? Kwa kazi ya namna hiyo mutu mumoja aliyefundisha karibu nasi alivuka hata bahari.

Ni Raymond Laurent, Mubelgiji, aliyezaliwa 1917. Mwaka 1943 yeye na Gaston-François de Witte walitoa andiko juu ya mijusi wa Afrika waliopungukiwa na miguu, wale tunaowaua bure tukidhani ni nyoka. De Witte ndiye aliyeongoza musafara wa Upemba, kaskazini kwetu, tangu 1946 mpaka 1949. Laurent akafundisha katika Chuo Kikuu cha Elisabethville, kilichofunguliwa 1956. Kisha akaondoka, na mwishowe akakaa Tucumán, katika inchi ya Argentina.

Kule alikuta ukoo mukubwa wa mijusi, Liolaemus, uliopewa jina na Wiegmann mwaka 1834. Wanaishi tangu pwani mpaka milima inayopita metre 4000. Wengine wanataga mayai, na wengi wa penye baridi wanazaa watoto wazima. Leo aina zao zinapita 280! Charles Darwin alikusanya baadhi yao, na mwaka 1843 Bell akaita aina moja darwinii. Baadaye jina hilo likawa kama gunia: mijusi wengi wa Argentina walitupwa ndani yake.

Namna gani kuwatenganisha? Rangi inadanganya, maana dume na jike hawafanani. Basi wanahesabu magamba kuzunguka kiwiliwili. Wanahesabu vitundu vinavyotoa nta karibu na mukundu. Wanatazama nyuma ya paja, kwa sababu wengine wana kiraka cha magamba makubwa pale. Mujusi mumoja hatoshi, kwani anaweza kuwa kilema. Lakini mijusi wa namna mbili wakiishi pahali pamoja, na katikati yao hakuna wa kuchanganyika, hao ni aina mbili kweli.

Katika maandiko ya 1983 na 1985 Laurent aliugawa ukoo huo katika nyumba mbili: ya upande wa Chile, iliyobaki na jina Liolaemus, na ya upande wa Argentina, Eulaemus. Jina hili la pili hakulitunga; Girard alikuwa amelitoa zamani, naye akaliokota. Wataalamu waliochunguza ADN, tangu 2000, waliziona nyumba zile zile mbili. Juu ya vyumba vya ndani wangali wanabishana.

Richard Etheridge ndiye aliyelifungua gunia la darwinii. Mwaka 1992 alitoa ndani yake aina moja akaiita laurenti (wanafunzi wa Kilatini watatambua genitivus), na mwaka 1993 akatoa nyingine, kati yao quilmes na olongasta. Laurent alifariki mwaka 2005.

Na mijusi wetu? Wale waliokusanywa Upemba walipelekwa Ubelgiji, ndani ya chupa. Kijana wa Likasi anayetaka kuwahesabia magamba anahitaji kwanza paspoti na visa. Yule wa muembe yuko hapa bado, juu ya shina, anatikisa kichwa.